Kikao cha Futi Elfu Kumi

Ndugu Lomayani hakuweza hata kuhamisha kabati la ofisi bila kuitisha kikao. Cresensia alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiandika. Kwa miaka minne aliyokuwa karani wa Kamati ya Uhamasishaji wa Majosho, alikuwa ameandika muhtasari wa kikao cha kujadili rangi ya mapazia, muhtasari wa kikao cha kujadili kwa nini mapazia hayajanunuliwa, na muhtasari wa kikao cha kumpongeza Mwenyekiti, yaani Lomayani mwenyewe, kwa uvumilivu aliouonyesha katika suala zima la mapazia. Josho lenyewe la kuogeshea ng'ombe, katika muda huo wote, lilikuwa limejengwa moja tu, huko Soitsambu, na walilijenga wafugaji wenyewe wakati kamati ikiwa bado inatafuta akidi.

Ndilo josho walilokuwa wakienda kulizindua asubuhi ile ya Agosti, mwaka wa themanini na tatu. Barabara ya Loliondo ilikuwa imevunja Land Rover mbili za ofisi ndani ya mwezi mmoja, kwa hiyo Mwenyekiti aliamua, baada ya vikao viwili, kwamba msafara upande ndege. Ikakodiwa ndege ndogo ya injini moja na viti sita. Kampuni yenye ndege hiyo ilikuwa nazo mbili, ila ya pili ilikuwa imebaki na kazi ya kutoa vipuri kwa mwenzake.

Rubani aliitwa Clemensi Hhando, mtu wa Karatu, mrefu, wa maneno machache, aliyesomea urubani Soroti, Uganda, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Cresensia naye alikuwa wa Rhotia, hapo hapo jirani. Walisalimiana Kiiraqw kwenye uwanja wa Arusha, na Clemensi akamuuliza ni binti wa nani. Aliposikia ni wa mzee Sulle, alisema anamkumbuka fahali wa mzee Sulle aliyewahi kuvunja ua wa kanisa. Basi, mazungumzo yakaishia hapo, akarudi kukagua ndege yake.

Mwenyekiti alikaa kiti cha mbele, karibu na rubani. Hakuulizwa wala hakuuliza. Kwenye Land Rover, mkubwa hukaa mbele na dereva, na yeye hakuona kwa nini utaratibu ubadilike kwa kuwa gari limeota mabawa. Clemensi alimfunga mkanda, akamwonyesha usukani wa pili uliokuwa mbele ya magoti yake, akamwambia asiuguse, wala asiguse kitu kingine chochote. Mwenyekiti alitabasamu vile mtu anavyomtabasamia dereva mzuri. Nyuma yake walikaa wajumbe wawili: Ndugu Tobiko, bwana mifugo, ambaye hajawahi kumpinga mwenyekiti yeyote tangu aajiriwe, na mama mtu mzima wa Soitsambu aitwaye Nashilu, mjumbe wa akina mama, aliyevaa shuka nyekundu na shanga zake zote. Cresensia alikaa nyuma kabisa pamoja na utepe, mkasi, na hotuba ya kurasa kumi na nne.

Mpaka Karatu mambo yalikuwa shwari. Cresensia aliona mabati ya kwao Rhotia yakimetameta, akaona mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa, ya rangi ya kahawia iliyofifia. Kisha msitu wa ukingo wa kreta ukaanza kuja, na mawingu yameukalia. Clemensi akapandisha ndege hadi futi elfu kumi ili avuke vizuri.

Hapo ndipo kioo cha mbele kilipoanza kupata matone. Mwenyekiti alidhani ni mvua. Yalikuwa meusi, nayo yalitambaa kwenda juu badala ya kuteremka, na harufu ya oili iliyoungua ikajaa ndani. Injini ikaanza kukohoa. Cresensia, aliyekuwa akiona bega na mkono wa rubani tu, aliuona mkono ule ukienda kwenye kitufe kimoja, ukarudi, ukaenda kwenye kingine, bila haraka yoyote. Mwenyekiti akauliza kuna nini. Hakujibiwa. Ndege ikainama upande mmoja taratibu, msitu ukazunguka chini yao, na jua lililokuwa mgongoni tangu Arusha likawapiga usoni.

Mwenyekiti hakuwa mjinga wa jua. Alielewa mara moja kwamba chombo kimegeuzwa, na kimegeuzwa bila taarifa. Akamwuliza rubani tena, safari hii kwa sauti ya ofisini, nani ametoa idhini. Clemensi alikuwa amevaa hedifoni kubwa masikioni, macho yake yanakwenda kwenye saa za dashibodi, yanakwenda nje, yanarudi. Hakugeuza hata shingo.

Kwa mtu mwingine huo ungekuwa wakati wa kusali. Ndugu Lomayani alijipindua kwenye kiti chake mpaka akawapa kioo na oili mgongo, akawatazama wajumbe wake, na kwa sauti ya kushindana na injini akatangaza kwamba kamati ina wajumbe watano, waliopo ni watatu, akidi imetimia, na kwa hiyo anafungua kikao cha dharura. Akamwambia Cresensia aandike.

Na Cresensia akaandika. Baadaye watu walimwuliza aliwezaje, naye hakuwa na jibu la kishujaa. Alikuwa anaogopa kufa. Penseli ilikuwa kitu pekee alichoweza kukishika kikamtii. Akafungua daftari lake la hati mkato, akaandika saa tatu na dakika arobaini, akaandika mahudhurio.

Ajenda ya kwanza ilikuwa kitendo cha rubani kugeuza ndege bila idhini. Mwenyekiti alieleza kwa kirefu kwamba Soitsambu wamechinja ng'ombe wanane, watoto wa shule wamefanya mazoezi ya kwaya wiki tatu, na josho limejazwa maji kwa ndoo. Akasema haiwezekani msafara wa viongozi ukarudishwa na mtu mmoja kwa sababu zake mwenyewe. Tobiko alinyoosha mkono, akaomba radhi kwa kuongea, akasema kuna moshi. Mwenyekiti akamwambia hoja ya moshi ni ya kiufundi na itajadiliwa kwa wakati wake. Tobiko akaona arekebishe kauli, akapendekeza kwa heshima na taadhima kwamba labda ndege irudi Arusha, ili suala lote likajadiliwe kwa utulivu. Kwa hiyo mezani kukawa na mapendekezo mawili, Soitsambu na Arusha. Karatu haikutajwa na mtu, ingawa ilikuwa ikija chini yao dakika hadi dakika.

Ikabaki kura ya Mama Nashilu. Mwenyekiti alimwuliza yuko upande gani.

Mama Nashilu alikuwa muda wote ameshika ukingo wa kiti cha rubani, anamtazama kisogo. Alisema, "Kwetu mtu akiwa anavusha ng'ombe mtoni, hakuna anayemsemesha mpaka wa mwisho atoke majini. Hata baba yake hamsemeshi. Huyu bado yuko majini."

Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake mzuri, akaelekeza uingizwe kwenye mengineyo. Kwa kuwa kura zilikuwa sawa, moja kwa moja, alitumia kura yake ya pili ya uenyekiti, na kikao kikaazimia kwamba rubani aendelee na safari ya Soitsambu mara moja. Tobiko aliunga mkono azimio lililompinga yeye mwenyewe. Cresensia aliandika hilo pia.

Mwenyekiti aligeuka mbele kwenda kumfikishia rubani azimio, akamkuta anaongea Kiingereza kwenye kipaza sauti kidogo alichokishika mkononi. Sentensi zilikuwa fupi: jina la ndege, mahali walipo, hali ya injini, idadi ya watu. Ndugu Lomayani alisikia neno Arusha, na damu ikamchemka. Kijana huyu alikuwa anawasiliana na mkoa bila kupitia kwake! Alinyoosha mkono akikidai kipaza sauti, ili aongee yeye, mwenye mamlaka.

Clemensi aliupiga ule mkono kwa kiganja cha nyuma, pa, bila kumtazama mwenyewe. "Acha," alisema.

Hakuna mtu aliyewahi kumpiga Ndugu Lomayani mkono tangu alipotahiriwa. Alitaka kusimama, akasahau mkanda, na katika kujivuta akaushika ule usukani wa mbele ya magoti yake kwa mikono miwili. Ndege ikainamisha pua. Sanduku la utepe lilimruka Cresensia kichwani, na Tobiko akalia kwa sauti nyembamba. Clemensi alimsukuma Mwenyekiti kwa kiwiko kifuani, akamrudisha kitini, na mkono wake mwingine ukaivuta ndege ikanyooka.

"Kaa."

Mwenyekiti akaanza kwa kupaza sauti kusema kwamba kwa mujibu wa kanuni za kamati, na injini ikazimika.

Ukimya ule Cresensia hajausahau mpaka leo. Propela ilisimama mbele yao wima, na upepo tu ukawa unapita kwenye mabawa. Ndani ya ukimya huo sauti ya Mwenyekiti iliendelea peke yake, "za kamati, kifungu cha tisa," ikasikika vizuri mno, ikakatika.

Ndipo Clemensi alipowaambia abiria wote neno lake la kwanza tangu harufu ianze, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai: "Tunashuka Karatu, kwenye shamba la ngano. Kazeni mikanda. Vueni miwani. Nikisema inameni, mnainama, na hatoki mtu mpaka niseme."

Cresensia aliandika hayo yote. Kisha akauona mkono wa rubani ukifungua kidirisha cha pembeni, kwa kuwa kioo cha mbele kilikuwa hakionyeshi kitu tena, na akamwona ameinamisha kichwa akichungulia chini. Alikuwa anatazama moshi wa jiko la mtu, unaolalia magharibi. Cresensia alikulia huko, akaelewa: upepo ulikuwa unatoka mashariki, na Clemensi alikuwa anautaka usoni ili umpunguzie mwendo. Akamkabidhi roho yake hapo hapo. Hakuwa na mtu mwingine wa kumkabidhi, na hakutaka mwingine.

Waligusa mabua, wakaruka, wakagusa tena. Walikimbia shambani kwa kelele za kutisha, na mwishoni kabisa, mwendo ukiwa umepungua kama wa baiskeli, gurudumu la mbele likaingia kwenye shimo lililochimbwa na mnyama mhanga, likavunjika. Ndege ikapiga pua chini, ikatulia. Majeruhi alikuwa mmoja, Ndugu Lomayani, aliyechanika mdomo kwa jalada la hotuba yake mwenyewe lililoruka kutoka nyuma.

Watu walikuja mbio kutoka mashambani, wanawake na maziwa ya mgando kwenye vibuyu. Mwenyekiti aliteremka, akapanguza damu, na kwa niaba ya kamati akawashukuru wananchi kwa mapokezi. Mama Nashilu alimwendea rubani, akamtemea mate ya baraka kwenye paji la uso, akamwita mwanangu. Clemensi alizunguka ndege yake mara moja, akaigusa hapa na pale, halafu akakaa chini kwenye mabua. Alipoletewa kibuyu alikitazama tu, kama asiyejua ni cha nini. Cresensia alimshikia.

Baada ya siku tatu, Cresensia huyo huyo alichapa barua ya kumshtaki.

Ilikwenda Dar es Salaam kwa wakubwa wa mambo ya anga, ikiwa na makosa manne: kugeuza ndege bila idhini, kukaidi azimio halali la kikao, kuwasiliana na mkoa bila kupitia uongozi, na kumpiga Mwenyekiti akiwa kazini. Leseni ya Clemensi ikashikiliwa. Alirudi kwao Karatu, akaanza kulima mahindi ya dada yake Leonida, na kila aliyepita njiani alimwuliza ni kosa gani amefanya. Alikuwa akijibu kwamba hajui, wanachunguza. Leseni ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho duniani. Hakuwa na shamba wala ng'ombe, alikuwa na ile karatasi tu.

Barua ilipokuwa njiani, mambo yakageuka mjini. Habari za ndege zilienea, na watu Arusha wakawa wanamsimamisha Ndugu Lomayani barabarani kumpa pole na hongera. Wengine walidhani aliyekaa mbele lazima alichangia jambo. Yeye hakuwakatalia. Kadiri hongera zilivyoongezeka ndivyo alivyozidi kukumbuka, na wiki ya pili alimwita Cresensia, akafunga mlango, akamsomea muhtasari ulioboreshwa. Katika muhtasari huo rubani alibabaika. Mwenyekiti alitathmini hali, akaamuru ndege ishuke Karatu, na rubani alipozidi kubabaika, Mwenyekiti aliushika usukani mwenyewe.

Cresensia alisema sivyo alivyoandika. Mwenyekiti alimjibu kwa upole kwamba huko Digodigo kuna ofisi ndogo ya kamati isiyo na karani, isiyo na mashine ya chapa, na ambayo gari hukifikia kijiji chake kiangazi tu, tena likipenda. Akamwuliza mama yake mgonjwa, anayemtegemea yeye, anaendeleaje na miguu.

Cresensia alichapa. Akatia sahihi. Usiku ule na usiku uliofuata alijichukia, na hakumwambia mtu.

Uchunguzi ulifanyika Karatu kwenye ukumbi wa kijiji, kwa sababu ndege ilikuwa bado iko shambani na mbuzi wameshaizoea. Mkaguzi alitoka Dar es Salaam, mzee mwembamba mwenye mkoba wa ngozi na mafua ya baridi ya Karatu. Watu walijaa mpaka madirishani. Clemensi alikaa benchi la mbele kwa koti lililotoka na mikunjo ya sandukuni. Mama Nashilu alikuwa amekuja na lori la vitunguu lililotokea Mang'ola, baada ya kuteremka na lori jingine kutoka Loliondo, na hakuna aliyejua ni nani aliyemwita. Mwenyekiti alikuja na mhuri.

Mkaguzi alianza na rubani. Alimsomea yale makosa manne, akamwuliza kama ni kweli alilisikia azimio la kikao akalikaidi.

Clemensi alifikiri kidogo. "Nilisikia kelele, mzee. Nilidhani ni injini."

Ukumbi ulicheka mpaka mkaguzi akagonga meza. Alimwuliza tena alikuwa akifanya nini wakati kikao kinaendelea. Clemensi alisema kwanza alikuwa anairusha ndege. Halafu alikuwa anatafuta pa kuipeleka. Halafu aliwaambia watu wa redio. Abiria aliwaambia mwisho, walipokuwa na la kufanya. Alilisema hilo kwa aibu kidogo, kama mtu anayeeleza jinsi ya kula ugali.

Mwenyekiti alisimama kupinga. Alisema mtu huyu alibabaika, na ushahidi upo kwa maandishi. Akampelekea mkaguzi muhtasari uliochapwa, wenye sahihi na mhuri. Mkaguzi alivaa miwani, akasoma wote, akapenga mafua, akarudia ukurasa wa tatu.

Aliuliza kama ni kweli kwamba aliyeamua ndege ishuke Karatu ni Ndugu Mwenyekiti. Mwenyekiti alisema ni kweli. Akauliza kama ni kweli pia kwamba aliushika usukani. Mwenyekiti alisema aliushika, kwa mikono miwili, kwa maslahi ya wananchi.

"Vizuri," mkaguzi alisema, akatoa kalamu. "Leseni yako ya urubani iko wapi?"

Mwenyekiti hakuelewa. Mkaguzi akamfafanulia bila ukali. Ndege ikiwa angani inakuwa na mkubwa mmoja, na mambo yakiharibika huyo mkubwa ana ruhusa ya kuvunja kanuni yoyote ili watu wafike chini wazima, halafu baadaye ndiye anayejibu. Kwa mujibu wa maandishi haya yenye mhuri, mkubwa huyo hakuwa Hhando. Basi Ndugu Mwenyekiti angejibu yeye: kuongoza ndege bila leseni, kuishusha shambani kwa watu, na kuvunja gurudumu la mbele. Mkaguzi alikuwa tayari ameshaandika jina.

Cresensia hakuwahi kumwona Ndugu Lomayani akikosa ajenda. Alipapasa kovu jipya la mdomo. Halafu akapata njia. Alisema hayo ni makosa ya mchapaji. Yeye hakuamuru kushuka Karatu hata kidogo, karani ndiye aliyechanganya, na muhtasari halisi, ulioandikwa huko huko angani, upo kwenye daftari. Akageuka akamtazama Cresensia kwa lile jicho la Digodigo. "Soma ulichoandika, binti," alisema. "Soma polepole."

Cresensia alisimama na daftari lake. Alielewa anachoombwa. Hati mkato ile hakuna mwingine ukumbini aliyeweza kuisoma; ilikuwa mikwaju na vitone, na angeweza kusoma kutoka humo chochote. Angeweza kumtoa Mwenyekiti kwenye usukani na bado akamwacha Clemensi na makosa yake yote manne. Ndicho kilichotakiwa, na kilitakiwa kwa sababu Mwenyekiti alikwisha kumpima na kumwona ni mtu wa kutia sahihi. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa kuwa lilikuwa kweli. Alimwona mama yake kwenye benchi la tatu, amenyoosha miguu yake iliyovimba. Alimwona Clemensi anatazama sakafu.

Kwanza alimwambia mkaguzi kwamba ule uliochapwa ni uongo, na kwamba sahihi iliyomo ni yake. Halafu akasoma.

Alisoma mahudhurio na akidi. Alisoma ng'ombe wanane na kwaya, hoja ya moshi kuahirishwa, Tobiko kuunga mkono azimio lililompinga. Tobiko, aliyekuwa amejificha nyuma ya nguzo, alijiinamia. Alisoma kura mbili za Mwenyekiti na azimio la kwenda Soitsambu, na watu wa Karatu, wanaoujua ukingo ule na mawingu yake, wakaguna ukumbi mzima, maana kila mmoja aliona ndege isiyo na nguvu ikipelekwa kwenye msitu. Alisoma mkono uliokwenda kwenye kipaza sauti na neno "acha". Alisoma usukani, na pua ya ndege iliyoinama, na neno "kaa". Mwisho akafika kwenye mistari iliyoandikwa penseli ikirukaruka.

"Mengineyo. Mama Nashilu amesema rubani asisemeshwe, bado yuko majini. Kufunga kikao. Mwenyekiti hakufunga kikao. Injini imezimika, rubani ametuambia la kufanya, wajumbe wote wametii. Karani ametii."

Akafunga daftari. Mkaguzi alifungua mkoba wake, akatoa leseni ya Clemensi, akaisukuma juu ya meza kuelekea kwake. Clemensi aliichukua kwa mikono miwili. Hakumtazama mtu, alikuwa analia.

Ndugu Lomayani alikuwa bado amesimama. Aliinua mkono, akasema anayo hoja ya utaratibu, na kwamba kwa mujibu wa kifungu cha tisa,

"Kaa," Mama Nashilu alimwambia kutoka nyuma.

Akakaa.

Uenyekiti hakunyang'anywa. Watu wa namna ile hawanyang'anywi, huongezewa kamati. Jumatatu iliyofuata aliitisha kikao, akidi ikatimia kwa yeye na Tobiko na mjumbe mmoja aliyeokotwa kwenye korido, na agizo la kwanza likawa uhamisho wa karani kwenda Digodigo. Barua ilitakiwa iondoke siku hiyo hiyo. Ofisi nzima haikuwa na mpiga chapa mwingine, kwa hiyo Mwenyekiti alimwita Cresensia, akasimama dirishani ambako hapakuwa na mapazia, akaanza kumtajia maneno. Alipofika kwenye sababu alisita, akajikuna kovu la mdomo, akasema: kuandika zaidi ya yanayohitajika.

Cresensia alikuwa anafikiria miguu ya mama yake. Aliichapa kama ilivyosemwa, neno kwa neno, akampelekea atie sahihi.